Vyerehani Vilivyolala kwa Bi Tunu

Habari hii nilipewa na mama yangu mkubwa, Sikudhani, mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza. Alikuja kunilea uzazi siku arobaini, na kwa kuwa hakujua kumkanda mtu huku amenyamaza, akanisimulia. Yeye mwenyewe alikuwamo.

Nanyi leo mmerudi mmenuna kwa sababu mtendaji wa mtaa amewaambia, "Cha wengi kisicho na jina hufa na mmoja." Mnaniuliza, bibi, mtu huyu anatutakia kifo? Hakuwatakia. Aliona chumba chenu cha kazi, ile mashine ya kuchapa na zile kompyuta mlizochangiana, kisha akaona mkataba wa pango una jina la mwenzenu Hemedi peke yake. Kaeni. Msemo huo una kwao, na kwao ni Korogwe.

Miaka michache baada ya Uhuru, palikuwa na wanawake wanne mafundi wa kushona. Kila mmoja alikuwa akishona kwake kwa cherehani cha kuazima, leo kipo, kesho mwenyewe amekitaka. Wakaona wakae pamoja. Wakapanga chumba nyuma ya soko, wakachangiana mpaka wakapata vyerehani viwili vya miguu, meza ndefu ya kukatia na pasi ya mkaa. Hapakuwa na tajiri wala kibarua. Kila mtu na wateja wake, kila mtu na uzi wake, ila zana ni za wote. Mmoja akiinuka kwenye cherehani, mwenzake anakaa, kiti hakipoi.

Mkubwa wao alikuwa Bi Tunu, mjane, mtu wa maneno machache. Wa pili Chausiku, mwenye mwandiko mzuri na ulimi mkali. Wa tatu huyo mama yangu mkubwa Sikudhani. Wa nne Mwajabu. Huyu alitoka kwenye mashamba ya mkonge. Mumewe alimwacha na watoto watatu, akakata mkonge miaka minne, mikono ikajaa makovu ya miiba. Cherehani ndicho kilichomtoa huko, na alikuwa akisema wazi, "Nikirudi mkongeni, safari hii sitoki."

Mwenye nyumba alipotaka jina la mpangaji, wakasema, "Andika la mkubwa." Mwenye duka alipotaka jina la risiti, wakasema vilevile. Ilikuwa heshima. Mwajabu peke yake ndiye aliyeuliza, siku moja wanakula mihogo.

"Bi Tunu, na wewe ukifa?"

Chausiku akamtupia kibiringo cha uzi. "Mwajabu! Mdomo gani huo? Unamchimbia mtu kaburi huku anakutazama?"

"Nauliza tu."

"Ndiyo uulize hivyo?"

Bi Tunu akacheka. "Mwacheni. Nikifa mtanizika. Ila wewe Chausiku usiishike sanda yangu, mishono yako inapinda." Wakacheka wote, neno likapita. Kumbe lilikuwa neno la kushikwa.

Mwaka wa tatu Bi Tunu akaugua miguu, akashindwa kufika chumbani. Wenzake wakaona akiachwa peke yake atajiona ametupwa. Wakabeba vyerehani vyote viwili, wakaviweka sebuleni kwake, wakawa wanashonea huko, naye amelala anawakosoa. Jambo jema kabisa. Lakini hakuna aliyeandika hata mstari mmoja kwamba vyombo vimelala pale, wala kwa nini.

Wakiwa hapo wakapata kazi kubwa, sare mia mbili za shule, ziwe tayari shule ikifunguliwa. Walikuwa wamekwisha kuzikata zote, wameanza kushona, Bi Tunu akafariki.

Desturi mnaijua. Makaburini, watu kabla hawajatawanyika, ndugu wa marehemu husimama akatangaza: anayemdai maiti, au aliyeweka kitu chake kwake, ajitokeze. Kaka wa marehemu, Mzee Semkiwa wa Handeni, alitangaza mara tatu. Hakujitokeza mtu. Wenye vyerehani hawakuwapo. Walikuwa nyumbani wanapika pamoja na wanawake wengine, kwa sababu kwetu wanawake hawaendi makaburini.

Na hata walipoambiwa baadaye, nani ataanza kutaja cherehani katikati ya kilio? Wakaona haya. Mwajabu ndiye hakutulia. Anatia maji chunguni mpaka yanafurika, anapita sebuleni mara kumi, anavigusa vyerehani kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Tuseme leo," akamnong'oneza Sikudhani.

"Tulia. Udongo wa mwenzio bado mbichi."

Siku ya kuanua tanga, lori likasimama mlangoni. Bi Tunu aliacha mjukuu mmoja yatima, na Mzee Semkiwa ndiye aliyemchukua kumlea. Akaagiza vitu vya marehemu vipakiwe. Vijana walipofika sebuleni, walimkuta Mwajabu ameziba mlango kwa mikono miwili.

"Baba, hivi havitoki. Hivi ni vyetu."

Mzee Semkiwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa mali ya yatima. Akavuta kigoda akaketi. "Vya nani, binti yangu?"

"Vyetu sisi."

"Sisi ni nani?"

"Sisi mafundi!"

"Risiti nimeisoma, imeandikwa Tunu binti Semkiwa. Makaburini nimetangaza, hakuitika mtu. Sasa nitajie mwenyewe. Hakuna mtu anayeitwa Sisi."

"Waulize watu wa soko lote!"

"Soko lina watu wengi, yatima ana mimi tu. Haya, tuseme nakuachia. Nimemwachia nani? Wewe?"

Hapo Chausiku, naye akiogopa kukosa vyote, akadakia. "Asiachiwe yeye! Kile cha pili mimi ndiye niliyetoa zaidi. Hicho niachie mimi."

Mwajabu akageuka taratibu. "Chausiku?"

"Kweli, si kweli?"

"Na pasi uliyoiangusha ikavunjika, nyingine alinunua nani?"

Na mama mkubwa hakujificha aliponisimulia. Naye alipaza sauti. "Basi na meza mniachie mimi, mbao zilitoka kwa mume wangu!"

Wakapayuka watatu kwa pamoja, waliokuja kuanua tanga wamesimama na vikombe mkononi. Mzee Semkiwa aliwangoja mpaka pumzi zikawaishia.

"Mmesikia wenyewe? Mmeanza mkiwa mmoja, hata chai haijapoa mmekuwa watatu. Ningewapa leo, kesho mmoja angenifuata Handeni kulia kwamba nimempa mwenzake. Nendeni mkatafute jina lisilougua wala kufa. Mkija nalo nitawasikiliza."

Lori likaondoka na vyerehani. Wiki haijaisha, mwenye nyumba naye akaja kusema mpangaji wake amefariki, chumba kimepata mtu.

Zilibaki siku kumi na moja shule ifunguliwe. Wakahamishia meza na marundo ya sare uani kwa Sikudhani, wakaanza kushona kwa mkono. Siku mbili za kwanza walipeana mkasi kama watu waliokutana stesheni. Mwajabu hakukaa kitako. Alishona amesimama, akashona akizunguka uani, kila likipita lori la mkonge anachomwa na sindano. Siku ya tatu akasema, bila kumtazama mtu:

"Tukimaliza hizi nakwenda ofisi ya ushirika. Anayetaka aje. Asiyetaka abaki na hicho cherehani chake cha pili."

Chausiku akakata uzi kwa meno. "Wewe na kufoka kwako, karani atakuelewa? Nitakuja, niseme mimi."

"Hayo mapindo unayoshona yanatazama wapi?" Mwajabu akamuuliza.

"Yanatazama ulikotoka."

Sikudhani akacheka mpaka akaweka kazi chini. Ndiyo ikawa suluhu yao, hawakutafuta nyingine.

Sare walimaliza mia na arobaini. Zilizobaki shule ilizichukua ikawapa wengine, na Mwajabu ndiye aliyezibeba kichwani mpaka kwa hao wengine.

Ofisini bwana ushirika aliwakalisha siku nzima. Kila wakijibu, anawauliza tena. Zana ni za nani? Za chama, si za mwanachama. Anayetoka? Anarudishiwa mchango wake, lakini hang'oi mguu wa cherehani. Na anayekufa? Hapo Mwajabu akasema warithi wake watapewa vilevile, mchango, si chombo. Pango na risiti ziandikwe jina la chama, watie saini wawili, asiwepo wa peke yake. Na chombo kikitoka chumbani hata kwa wema, iandikwe kimekwenda kulala kwa nani. Hilo Sikudhani ndiye aliyelitaka, na alilia akilisema.

Cheti kilichukua miezi mitano. Siku kilipotoka Mwajabu hakwenda hata kuaga kwake. Alipanda gari la Handeni, amekifunga ndani ya kanga, pamoja na barua ya mwenye duka kwamba aliwaona wanne wakilipa.

Mzee Semkiwa akasoma cheti polepole, kidole kikifuata maandishi. Chama cha Mafundi wa Kushona, Korogwe. "Huyu ndiye yule Sisi?"

"Ndiye."

Akaingia ndani, akatoka na cherehani kimoja.

"Cha pili nimekiuza mwezi uliopita. Nimemnunulia yatima mbuzi."

"Baba, ungengoja!"

"Nimengoja miezi minne, binti yangu. Sikujua kama mnakuja. Hiki chukua, kina mwenyewe sasa. Kile kimekwenda na dada yangu, siwezi kukifukua. Cha wengi kisicho na jina hufa na mmoja."

Mwajabu akakiinua cherehani, akaaga.

Alirudi na cherehani amekishika kwa mikono miwili njia nzima. Chumba kipya kilikuwa karibu na stesheni, mkataba una jina la chama. Chausiku alipoyasikia maneno ya mzee, akachukua mkaa akayaandika ukutani, juu ya cherehani, na kila aliyekuja kupimwa nguo aliyasoma akaondoka nayo. Hivyo ndivyo yalivyotoka Korogwe, yakafika hadi kwa mtendaji wenu.

Siku hiyo Mwajabu alizunguka chumba kizima. Akajaribu komeo, akatikisa dirisha, akarudi kwenye komeo.

"Kaa chini, mwanamke, unatutia kizunguzungu," Chausiku akamwambia.

Akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa meza, akasema anapumzisha miguu tu. Chausiku akavuta kiti, akaanza kushona. Sikudhani alipotaka kumuuliza Mwajabu zamu inayofuata ni ya nani, hakujibiwa. Cha wengi kisicho na jina hufa na mmoja, na hiki sasa kilikuwa na jina. Kililia chumbani saa nane ya mchana, mguu wa mwingine ukikikanyaga, na Mwajabu, ambaye hakutulia tangu siku ya kilio, alikuwa amelala fofofo.