Kiti cha Nyuma Kabisa

Wapendwa, tuchukue familia moja. Siyo familia mbaya, na hilo naomba tukubaliane mapema, maana naijua tabia yetu: tukisikia mfano, tunamtafuta haraka mtu mbaya ili tukae mbali naye. Hawa ni watu wazuri. Baba hanywi. Mama anaimba kwaya. Wana watoto wanne, na Jumamosi moja ya likizo wakaamua kwenda kutembea kwenye msitu wa hifadhi, juu mlimani, penye maporomoko ya maji, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mjini kwao.

Mama akashonesha sare. Mnazijua sare za familia. Kitenge kimoja cha maua ya njano: baba shati, mama gauni, watoto watatu wakubwa kila mmoja na mshono wake, na kitinda mimba wa miezi minane akashonewa kasuruali kenye mifuko, sijui ya kuweka nini. Kipande kilichobaki mama akakifanya kitambaa cha kufunikia hotipoti ya pilau.

Mmesikia vizuri? Hotipoti ilipata sare.

Aliyeipika hiyo pilau, aliyeamka saa kumi alfajiri akakatakata vitunguu peke yake jikoni, hakupata. Huyo ni Dada. Dada wa kazi. Miaka miwili yuko pale nyumbani. Mama alimwita Dada, watoto walimwita Dada, baba mwenye miaka arobaini na sita alimwita Dada, na mgeni akiingia kwa mara ya kwanza aliambiwa, "Mwambie Dada akuletee maji." Kila jioni Dada alimwogesha mtoto, na kupitia mlango wa bafu ilisikika sauti yake ikimwimbia kitu kifupi, kilekile kila siku, kama maswali na majibu. Mama alikisikia kama unavyosikia friji ikinguruma. Yaani hakukisikia.

Basi, wakafika getini. Askari wa hifadhi, mwanamke mnene mwenye koti la mvua na mabuti ya mpira, akampa baba kitabu cha wageni. Baba akaandika: watu sita. Hakukusudia kudanganya. Ndivyo alivyozoea kujihesabu.

Wakala, wakacheza, wakapiga picha. Picha alipiga Dada, kwa hiyo zote zilitoka vizuri, sare sita zimepangwa mbele ya maji. Halafu mama akasema, "Dada, hebu kaoshe hizi sahani kule chini kwenye maji. Na mtoto umbebe, anaanza kusumbua." Dada akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akabeba sahani, akashuka.

Ukungu ukaja. Ilikuwa saa tisa, mchana kweupe, lakini ukungu wa mlimani haubishi hodi. Mti uliokuwa mbele yako haupo. Jiwe ulilokalia nalo halipo tena. Matone yakaanza.

"Jamani, barabara hii ikilowa hatutoki hapa!" Baba tayari alikuwa kwenye usukani. "Ingieni! Hebu nihesabu. Moja, mbili, tatu. Mimi na mama, tano. Mtoto yuko na Dada, sita. Twende!"

Mtoto yuko na Dada, sita. Hesabu haina kosa. Ila mimi nauliza: na Dada, yuko na nani?

Getini baba akaweka sahihi kwamba sita wametoka. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke. Askari akachungulia, akaona maua ya njano, akainua kizuizi.

Sasa, viti vya nyuma kabisa vya gari lile, pamoja na mikeka na madebe, ndipo Dada alipokaa siku zote. Mama alikuwa mbele. Akasema bila kugeuka, "Dada, mfunike mtoto, kuna baridi." Kimya. Hakushangaa, kwa sababu Dada alikuwa wa kutenda, siyo wa kujibu. Hotipoti ikawa inagongagonga huko nyuma. "Dada, hiyo hotipoti ishike basi!" Na hotipoti ikanyamaza. Ikanyamaza kabisa, kama mtu ameiwekea mkono.

"Mama," akasema mtoto mkubwa, "Dada haongei."

"Mwache, amechoka. Dada, hebu tupatie ndizi."

Mama akanyoosha mkono nyuma, begani kwake, kiganja wazi. Miaka miwili kila alipounyoosha mkono ule, kitu kiliwekwa. Safari hii kiganja kikabaki wazi. Akahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Akageuka.

Mkeka uliokunjwa umesimamishwa kwenye kiti. Hotipoti katika kitenge chake imeegemea mkeka. Na soksi moja ya mtoto.

Sitaki kuwasimulia ukelele ule.

Wakafika tena getini saa kumi na nusu. "Tumeacha mtoto!" baba akapaza sauti kabla hata gari halijasimama.

Askari akafungua kitabu. "Mliingia sita. Mmetoka sita. Sahihi yako hii hapa, mzee."

"Mtoto yuko na Dada, yuko mgongoni kwa Dada!"

"Huyo Dada ni wa ngapi?"

Baba akaanza kuhesabu upya kwa vidole.

"Kwenye kitabu hayumo," askari akasema taratibu. "Kwa kitabu hiki, huko ndani hakuna mtu."

Watoto wakabaki getini kwa askari mwingine. Watatu wakashuka na njia: baba, mama, na yule askari. Ukungu ulikuwa mzito mpaka mama hakuyaona mabuti ya askari aliye mbele yake, aliyasikia tu yakifyonza tope. Pale walipokuwa wametandika mikeka palikuwa na maganda ya machungwa. Kule kwenye maji hapakuwa na sahani wala mtu.

Mama akaita jina la mtoto. Aliliita kwa nguvu zake zote za kwaya, na ukungu ukalimeza. Akaita tena. Ndipo wakasikia, karibu kabisa, upande wa kushoto, mtoto akilia.

Kisha kilio kikakatika. Hakikupungua. Kilikatika, kama mdomo umezibwa kwa mkono.

Wakakimbilia kushoto. Hakuna. Baba akaita jina la mtoto. Kilio kikatoka tena, safari hii mbali kidogo, kikakatika tena. Wakaita, kikasogea. Kadiri walivyoita ndivyo kilivyokwenda.

"Kuna kitu kinamchukua mwanangu," mama akanong'ona. "Mume wangu, kuna kitu huku kinamchukua."

"Nyamazeni!" Askari alikuwa amesimama. "Nyie mnaita nini?"

"Jina la mtoto."

"Ana umri gani?"

"Miezi minane."

"Anajua kuitika?"

Wapendwa, hebu tulieni na swali hilo. Anajua kuitika?

"Mwiteni aliyembeba," askari akasema.

Baba akaita, "Dada! Wee Dada!" Majani yakachakacha huko mbali. Kuna mtu alikuwa anakimbia, na hakuwa anakuja kwao.

"Dada nani?" askari akauliza. "Huyo binti katokea wapi?"

"Huko... nyanda za juu. Alilelewa na bibi yake, nadhani."

"Basi kama bibi yake ni kama bibi yangu, amemfundisha. Kwenye ukungu, sauti isiyokutaja jina usiiitikie. Huyo si mtu. Chukua mtoto wako uondoke." Akaelekeza mkono kwenye weupe. "Na upande anaokwenda, hatua mia moja hivi, ardhi inaisha. Ni maporomoko. Kwa hiyo, mama, niambie haraka. Anaitwa nani?"

Najua kuna mtu hapo katikati ameshaandaa hoja: huo ni ushirikina, Mkristo haogopi sauti za ukungu. Sawa. Hoja yako nimeipokea, tutaijadili tukitoka. Ila mama yule hakuwa na nafasi ya mjadala. Alikuwa na hatua mia moja. Jibu swali la askari kwanza.

Mama akamtazama baba. Baba akamtazama mama. Mama akatoa simu, jina lilihifadhiwa "Dada Mpya", na hata hivyo mtandao haukuwepo. Akaikumbuka siku ile ya kwanza. Yeye yuko jikoni, simu ameibana begani, anakoroga mchuzi, na binti amesimama mlangoni na begi lake la shangazi kaja. Binti akasema, "Shikamoo mama, mimi naitwa..." Aliuona mdomo. Aliona midomo ile ikifunguka na kufumba, akaiona wazi kuliko alivyoiona siku yenyewe, lakini haikutoa sauti. Kilichotoka ni sauti yake mwenyewe: "Aa, sisi hapa wote tunawaita Dada tu, mwaya, watoto wasichanganyikiwe."

Wote. Huyu alikuwa wa nne.

"Neema!" mama akaita. Majina akawa anayatupa kama mtu anayerusha mawe gizani. "Upendo! Yusta! Wee Yusta!" Kila jina la uongo, majani yakachakacha mbele zaidi, nao wakazidi kuyafuata. Ngurumo ya maji ilikuwa inasikika sasa, chini, chini sana.

Akapiga magoti kwenye tope na sare yake ya maua. Hakuomba. Hakujua aombe vipi: angesema, Bwana, mlinde nani? Akafumba macho, na kwa kuwa hakubakiwa na kitu kingine chochote, masikio yake yakarudi nyumbani, jioni, kwenye korido, mbele ya mlango wa bafu. Maji yanamwagika kwenye beseni. Mtoto anachekacheka. Na ile sauti. Mama akaanza kuimung'unya bila maneno, ile inayopanda ya swali, ile inayoshuka ya jibu. Nani kakuogesha? Nani kakupaka mafuta? Nani atakubeba? Na kila swali jibu lilikuwa moja. Miaka miwili katika nyumba ile hakuna aliyemwita binti kwa jina lake, kwa hiyo alipozaliwa mtoto akaanza kumfundisha mtoto jina hilo. Akawa anamngoja akue, amwite.

Mama akafumbua macho.

"Tusekile!"

Majani yakanyamaza.

"Tusekile! Mwanangu Tusekile, ni mimi!"

"Abee, mama!"

Sauti iliitika hapohapo. Haikutoka mbali. Ilitoka hatua kumi mbele yao, na askari alipomulika tochi wakamwona amesimama, ameupa mgongo mti wa mwisho, na nyuma ya mti ule hakuna kitu ila weupe na mngurumo wa maji. Mtoto amemhamishia kifuani, ndani ya khanga. Chini ya kwapa amebana sahani. Safi zote.

Mama akamkwapua mtoto, akambusu kila mahali. Baba akawa anasema asante, asante, sijui anamwambia nani. Askari peke yake ndiye aliyeona kwamba binti anatetemeka, akavua koti lake la mvua akamvisha.

"Mbona ulikuwa unakimbia?" mama akalia. "Tumekuita, tumekuita, mbona ulikuwa unatukimbia?"

Tusekile akamsogelea, akashusha sauti ili kile kilichokuwa msituni kisisikie.

"Mama, sikuwa nawakimbia nyie. Kuna kitu kilikuwa humu. Kina sauti kama yako, kama yako kabisa. Kilikuwa kinamtaka mtoto tu, kinamwita mtoto, mimi hakinijui. Halafu kikaanza kubahatisha majina ya watu. Ndiyo nikajua siyo wewe. Nikasema, mama ananifahamu."

Hapo ndipo mfano unapoishia, na hapo ndipo sisi tunapoanzia.

Tuliingia msitu huu tukitafuta jini, sivyo? Niliwaona. Kuna waliokuwa wanakemea kimyakimya, midomo inacheza. Mlikuwa mnamkemea nani? Hapakuwa na kingine mle ndani. Ile sauti ni mama wa kwaya. Ile sauti ni sisi. Tunajua kuita, tuna pumzi ya kuita, lakini kila tunayemwita tunaita kazi yake. Na msinifiche, gari lile liligeuzwa kwa ajili ya nani? Kama mtoto angekuwa ameketi mapajani kwa mama siku hiyo, lingegeuka saa ngapi? Lingegeuka wapi? Labda jioni, vyombo vilipokosa wa kuviosha.

Halafu sisi hawahawa tunafunga macho tunamwambia Mungu, Bwana wewe wanijua kwa jina langu. Tunalia kabisa. Tunataka ajuaye hesabu ya nywele zetu, na sisi hatuwezi kuhesabu mpaka saba.

Simalizii nyumbani kwenu, kwa sababu nyumbani kwenu ni mbali na mtasema mtabadilika likizo. Namalizia hapa. Ukumbi huu tunaukuta umepigwa deki kila Jumapili. Viti vimepangwa. Tuna mwaka wa tatu wengine hapa, tumeimba humu, tumefunga humu, tumekesha humu. Yule mama anayesimama pale nje na ndoo, anangoja tutoke ili aanze upya, tunamwita Mama Usafi.

Anaitwa nani?

Naam. Nawasikia. Ukimya huu naujua, ndio uliotoka kwenye kiti cha nyuma kabisa.

Sitafunga kwa sala. Mlango uko wazi, na yeye yuko pale. Mmoja wetu atoke akamuulize, arudi atuambie sote, ndipo tutasema amina. Tunangoja.