Deko na Maziwa Yaliyoganda

Ngano yangu inabisha hodi!
— Karibu, mlango u wazi!
Imekuja na miguu minne!
— Iingie, tumeipisha!

Ilikuwa siku ya Ijumaa, tarehe sita ya Mfunguo Tano, saa kumi alasiri. Mwaka siujui. Ni zamani, paka walipokuwa wakisema na watu, na panya wakiapa kwa Mungu. Siku hiyo, saa hiyo, paka wa Bi Mize alizaa watoto wawili ndani ya tenga kuukuu jikoni. Wadogo, macho hayajafumbuka. Mmoja mweupe, mmoja wa madoa.

Shida ilikuwa mtoto wake wa kwanza, jina lake Deko. Alikuwa mkubwa kama mama yake. Hapana, nimesema vibaya. Mkubwa kuliko mama yake. Meno ameota yote, masharubu marefu, na bado ananyonya! Wadogo walipotafuta ziwa, aliwasukuma kwa kichwa, akanyonya yeye. Akanyonya asubuhi, akanyonya mchana, akanyonya jioni. Mama yake akakonda, akakosa hata nguvu za kupanda ngazi ya darini.

Na darini, juu ya mpunga wa Bi Mize, alikaa Panya. Panya alijua jambo moja: paka anayenyonya hawindi. Basi kila jioni alichungulia, akaimba:

"Nyonya, Deko, nyonya!
Meno ni ya maskini,
maziwa ni ya sultani!"

"Ahsante, mjomba," Deko akajibu, macho kayafumba kwa raha.

Mnasikia? Paka anamwita panya mjomba!

Wiki ikapita hivyo. Jumamosi, Bi Mize akakata shubiri. Alikuwa amelea watoto saba, wote aliwaachisha ziwa kwa shubiri, na hakuna aliyemshinda. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akasema, akampaka paka tumboni.

Lakini mwanamke hajilambi tumbo. Paka hujilamba. Mama Deko akajilamba mara moja tu, akatoka povu, akazunguka ua mzima akipiga chafya. Wadogo wakaonja, wakageuza vichwa. Deko akaonja, akakunja uso, akakaa kitako kungoja. Siku ikapita wadogo wana njaa. Ikambidi Bi Mize amwoshe paka kwa maji ya vuguvugu, huku akiomba radhi. Na uchungu ulipoondoka, nani alitangulia kunyonya?
— Deko!
Ndiye. Panya akaimba.

Jumapili, Bi Mize akasema, "Mtoto mgumu hupelekwa kwa bibi." Akamtia Deko kapuni, akafunika kwa kanga, akampeleka kijiji cha pili kwa mama yake mzazi. Akanywa uji huko, akaaga, akarudi kwa miguu, kisigino kinamuuma. Akasukuma mlango wa jikoni. Alimkuta nani tumboni kwa mama yake?
— Deko!
"We paka we!" akapiga kelele. "Umefikaje kabla yangu?"
"Bibi, mimi nina miguu minne. Wewe unayo miwili."
Panya akaimba, akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumatatu, yule mdogo mweupe hakulia tena. Alifungua kinywa, sauti isitoke. Mama Deko akamtazama, kisha akamtazama Bi Mize. "Bi mkubwa, umejitahidi. Sasa niachie mimi, huyu nimemzaa mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja. Kamwage unga wa mchele juu ya ngazi, kiganja kimoja tu."

Bi Mize akamwaga. Mama Deko akalala kifudifudi, maziwa yote kayalalia. Deko akaja.

"Nipishe, mama."
"Hakuna maziwa."
"Yamekwenda wapi?"
"Yameibwa nikiwa usingizini."
"Kayaiba nani?"
"Mwenye masharubu meupe."

Huko juu, Panya alikuwa amekwisha kulamba unga wote. Akachungulia kama desturi yake. "Nyonya, Deko, nyo..." Masharubu meupe pe!

Deko akaruka. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Mjomba, maziwa yangu!"
"Wallahi, sijanyonya!"
"Na huo weupe mdomoni?"
"Ni unga!"
"Unga wa nani?"

Panya akageuza mkia akimbie. Semeni ninyi. Ni wa nani?
— Wa Bi Mize!
Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Deko akamdaka.

"Mama," akaita, mdomo umejaa, "maziwa haya yana mifupa!"
"Yameganda, baba. Tafuna."
Akatafuna kidogo. "Mama, mbona matamu kuliko ya mwanzo?"
"Tafuna. Usiseme na chakula kinywani."

Huku chini, mwenye madoa alikwisha kushika ziwa. Mweupe hakuweza. Bi Mize akamnyanyua kwa vidole viwili, akamweka. Tone la kwanza likamwagika. La pili likamwagika. La tatu akameza. Akapumzika, akameza tena, kisha akalia kwa sauti kubwa. "Alhamdulillahi," akasema Bi Mize, akaketi chini palepale sakafuni.

Mtaniuliza, je, mama yule hakusema uongo? Alisema. Hukumu yake namwachia Mungu.

Jioni Deko akashuka. Akanusa tumbo la mama yake. Akasimama hapo muda mrefu, wala hakumsukuma mtu. Anayeachishwa ziwa halii njaa peke yake. Hulilia na pale alipozoea kuweka kichwa. Nalijua hilo, nami ni mtu mzima. Mama yake akamlamba utosi mara moja, mara mbili, mara tatu.

Deko akageuka, akapanda ngazi. Panya hakuwa na ndugu? Alikuwa nao tele. Baada ya kitambo akarudi, kambeba mmoja mdomoni, mnene, akamlaza mbele ya mama yake.

"Kunywa, mama," akasema. "Umekonda."

Ngano yangu imeshiba, inakwenda zake!
— Iende salama, tumeipa njia!

Nayo si yangu. Ni ya mke wangu, Mwanakheri binti Faki, aliyekuwa akiwasimulia watoto. Inueni mikono, mniitikie. Ewe Mola, mrehemu Mwanakheri. Msamehe makosa yake, mpanulie kaburi lake, lijaze nuru. Nasi aliotuacha, tulishe kwa rehema zako, hata siku utakapotukutanisha naye. Amina.