Waliulizia Vitunguu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, mjane, ambaye watoto wake wote walikuwa wamehamia mbali. Nyuma ya nyumba yake alipanda vitunguu vya majani. Alianza na karai moja bovu alilolijaza udongo na samadi, yakawa makarai matatu, mwisho akalima tuta zima. Mtu mmoja atakula majani ya vitunguu kiasi gani? Lakini kuvimwagilia kulimpa sababu ya kuamka.

Kila Jumapili alifunga mafungu kwa kamba za mgomba, akayaweka mezani mlangoni mwa kanisa. Watu wakichukua, anawaambia, "Karibuni nyumbani basi, mje mwone bustani."

"Tutakuja, mama, Mungu akipenda," wanamjibu, huku fungu linaingia mkobani.

Mwaka mzima hawakwenda. Mnadhani Mungu hakupenda?

Jumapili moja meza ikawa tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu watu wakamuuliza mzee wa kanisa, "Vile vitunguu vimeishia wapi?" Akasema, "Labda ni kiangazi." Wakaridhika, wakaenda zao.

Wiki ya nne, dada mmoja wa kwaya alipata wageni, akataka majani ya kukatia kwenye kachumbari. Akaulizia njia, akafika na kikapu chake, akapiga hodi.

"Karibu! Sukuma tu mlango!"

Mama alikuwa kitandani. Aliteleza na ndoo ya maji, akaumia nyonga. Jirani humletea uji asubuhi, kisha anawahi kazini, na siku nzima hakuna anayeingia. Alipomwona mgeni, uso ukamchangamka.

"Nani amekuambia naumwa, mwanangu?"

Yule dada akatazama kikapu. Angeweza kudanganya.

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nimefuata vitunguu."

Mama naye akakitazama kikapu. Kisha akasema, "Basi kakate, viko huko nyuma. Ila ukimaliza, kaa nami kidogo."

Ndugu zangu, Jumapili ya tatu wale watu waliulizia vitunguu. Hakuna aliyemuulizia mama. Na sisi je? Tunajua nani anapika chai vizuri, nani ana sauti ya kuimba, nani hutoa gari lake kwenye msiba. Nyumbani kwake tunapajua?

Tazama benchi ulilokalia. Nani hayupo leo? Usiniulize mimi. Tukishasema amina, kabla hujaenda kula, kapige hodi kwake.