Aliyetumwa Kunawisha Wageni

"Sibebi beseni! Abebe dada hapa, yeye ana uso wa kutazamwa."

"Mwanangu, huko ni kuwadanganya watu."

"Nani anadanganya, mama? Yule mwanaume aliniona mashineni, uso umejaa unga. Angejua kilicho chini ya unga, asingeleta posa. Wakimpenda dada, basi utajua walifuata nini."

Ndugu zangu, binti huyu alikuwa akisaga mahindi ya watu, na alizaliwa na baka jeusi kutoka jichoni hadi kidevuni. Tangu utotoni alisikia wakinong'ona kwamba mama yake, akiwa na mimba yake, alichungulia mwezi ulipopatwa. Kwa hiyo mtu akimtazama, aliuliza moyoni, anacheka nini? Mtu akimsifu, aliuliza, anataka nini? Hata posa ilipokuja, hakufurahi. Aliinusa kama maziwa ya jana.

Na desturi ya kwao ilikuwa hivi: shangazi wa mwanaume huja kumwona binti, wala hatajiwi jina. Anayewanawisha wageni mikono, huyo ndiye anayeposwa. Mama alibisha, akabembeleza, mwisho akachoka. Wageni walipokwisha kukaa, yule dada, binamu yake mzuri, akatoka na birika na beseni, na binti wa mashineni akabaki nyuma ya pazia, jicho moja kwenye tundu, akingoja watu waanguke katika mtego wake.

Shangazi akanyoosha mikono. Maji yakamwagika. Akamtazama msichana, akamtazama tena.

"Asante, mama. U mzuri kweli. Sasa mwambie mwenyewe aje."

"Ndiye mimi, shangazi," binamu akasema.

"Wewe? Baka lako umeliacha wapi?"

Mama wa binti akakodolea macho mkeka.

"Mtoto wa kaka yangu alinieleza vizuri," shangazi akasema. "Alitaka kuwaruka akina mama kwenye foleni ya mashine. Binti mwenye baka akamshika shati, akamrudisha nyuma mbele za watu wote. Alirudi nyumbani amenuna siku mbili, ya tatu akasema, 'Shangazi, niposee huyo, atanifanya mtu.' Tumekuja kwa ajili yake, nanyi mmemficha. Mnatuona sisi ni watu gani?"

Akajifuta mikono, akakusanya kanga zake, akasimama. Nyuma ya pazia, binti akasikia ndara zikitafutwa mlangoni.

Sasa niulizeni: ni nani aliyemkataa binti huyu? Ni mwanaume? Ni shangazi? Hapana, wapendwa. Mwanaume alituma posa, na shangazi alivuka bonde kwa miguu kumfuata. Aliyemkataa alikuwa nyuma ya pazia.

Na sisi je? Mara ngapi tumeketi nyuma kabisa, tukasema watu wa mbele wana maringo? Mara ngapi tumemtuma mtu mwingine abebe beseni letu, kisha tukalia kwamba hakuna anayetuona? Tunawapima watu kwa mitego. Tunaiita busara. Mimi nasema ni woga uliovaa miwani. Mungu hakukosea alipokuwa akitupaka rangi, na wala hakutuambia tungoje mpaka tuwe na hakika na kila jicho ndipo tutoke. Ukingoja hakika hiyo, utazikwa nayo.

Msidhani moyo wake ulibadilika palepale. Miguu yake ilikuwa mizito kama magunia. Bado alidhani huenda wanamtania, huenda kuna kicheko kinamngoja uani. Lakini shangazi alikuwa amekwisha kuvaa ndara ya pili. Binti akasukuma pazia, akapita katikati ya sebule bila kujifunika, akamshika mgeni mkono pale mlangoni, akasema:

"Shangazi, mnayemtafuta ni mimi. Bado siwaamini, lakini nimetoka."