Mkono wa Mama Soli Ulipovunjika

Wapendwa, kabla sijawaita mbele ndugu zetu sita wanaosafiri keshokutwa, nataka tuingie jikoni kidogo. Ndiyo, jikoni. Mama zangu mnaocheka huko nyuma, nawaona. Akina baba, leo nanyi mnaingia. Huu ni mfano tu, msije mkaenda kumtafuta mtu.

Huko nyanda za juu, ambako ngano hulimwa na asubuhi watu hutoka na blanketi mabegani, walikuwapo akina mama tisa waliojenga tanuri la mikate. Kiongozi wao aliitwa Paskalina, mjane, mwanamke wa maneno machache. Walikuwa wakiuza maandazi siku ya mnada, basi. Mkate wenyewe walikuwa hawajaujulia.

Sasa, jirani na kijiji chao palikuwa na shule ya bweni yenye wanafunzi mia nne. Mikate yao ililetwa na lori kutoka mjini, na barabara ile mvua ikinyesha, lori halifiki. Mwalimu mkuu akawaambia akina mama, "Nawapa muhula mmoja. Mkiweza, kazi ni yenu. Mkishindwa, narudi kwenye lori." Mnaelewa maana yake? Mama tisa, wengi wao wanalea peke yao. Kazi ile kwao ilikuwa sare za shule, ilikuwa dawa, ilikuwa bati juu ya nyumba.

Wakaomba msaada. Likapatikana shirika moja linalopeleka wataalamu wa kujitolea, wakaletewa mama mmoja kutoka nchi ya baridi, kaskazini kabisa mwa dunia. Jina lake Solveig. Nani ataweza kulitamka? Wakamwita Mama Soli. Alikuwa ameoka mikate miaka thelathini, amestaafu, nauli amejilipia mwenyewe, anakuja kukaa miezi mitatu. Hakuja kutalii. Hilo nataka mlishike: alikuwa mtu mwema.

Siku ya pili tu, alfajiri, keshafunga aproni yuko kazini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa, kwa hiyo alifundisha kwa mikono. "Angalia," anasema, halafu anakanda. Na mkate uliotoka mle! Umeumuka, laini, ukiubonyeza unarudi. Wanafunzi wakafurahi, mwalimu mkuu akafurahi. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne.

Katika wale mama alikuwapo mmoja aitwaye Elitruda. Huyu alipenda kujaribu. Akitia mkono kwenye donge la unga, Mama Soli anamwangalia kidogo, anatabasamu, anamwambia, "Acha, mimi malizia." Kwa upendo kabisa. Na donge analichukua. Kesho anajaribu mwingine. "Acha, mimi malizia." Mwishowe hakuna aliyejaribu. Wakawa wanachota maji, wanapasua kuni, wanasema, "Asante, Mama." Mikate inatoka, shule inakula. Kuna ubaya gani? Niambieni, kuna ubaya gani?

Wiki ya tano ikanyesha mvua. Mama Soli akateleza kwenye ngazi za mlango wa jiko, akauangukia mkono wa kulia. Hospitali wakamwambia umevunjika. Wakaufunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Wiki sita.

Kesho yake akina mama wakakanda wenyewe. Mikate ikatoka kama matofali. Wanafunzi wakaigonga mezani, ikawa ngoma. Siku iliyofuata, vilevile. Mwalimu mkuu akaja kwa miguu yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama zangu, nawavumilia mpaka Ijumaa. Jumatatu nikiona hivi tena, lori linarudi."

Alipoondoka, Mama Soli akainuka kwenye kigoda, akachukua kisu cha kukatia mkate, akaanza kuikereza ile plasta. Anataka kuufungua mkono! Machozi yanamtiririka. "Mimi kanda! Mimi kanda!"

Paskalina akamshika mkono ule mzima, akakitoa kisu vidoleni mwake taratibu. "Mama, ukiikata hiyo, mkono wako utapinda maisha yako yote. Kaa."

"Watoto hakuna mkate! Kosa langu!"

"Kaa, Mama." Halafu Paskalina akasema neno alilokuwa amelikalia mwezi mzima. "Tunakushukuru, na Mungu anajua. Lakini tangu umekuja, sisi tumekuwa wageni katika jiko letu. Leo tuache tukosee, nawe ukiwa hapa hapa pamoja nasi."

Sijui alielewa maneno mangapi. Uso wa Paskalina aliuelewa. Akakaa.

Na kwa kuwa sasa hakuweza kuonyesha kwa mkono, ikabidi aulize. "Hii vipi? Gumu? Laini?" Akina mama wakabonyeza donge, wakalinusa, wakajibu. Wakabishana wao kwa wao, na kelele jikoni humo zikarudi, zile ambazo zilikuwa zimekwisha tangu mgeni afike. Ndipo Elitruda akasema, "Donge limeshikwa na baridi. Mama Soli ana nguvu, alikuwa akilikanda mpaka linapata moto. Sisi tunaliacha lilale kwenye baridi. Jamani, maziwa ya kugandisha siku za baridi tunayafunika blanketi karibu na mafiga. Donge nalo kwa nini lisifunikwe?"

Wakamweleza Mama Soli kwa ishara. Akakunja uso. Kwao alikuwa na kabati la umeme la kuumulia unga. Blanketi jikoni aliliona uchafu, maana mnajua mablanketi yetu yanavyonuka moshi. Mdomo ukafunguka aseme lile neno lake. Acha. Nanyi mnalijua linavyotaka kutoka, hasa wewe mwenye ujuzi. Akalimeza. Akasema, "Jaribu."

Wakatafuta blanketi safi, wakafunika. Alhamisi mikate ikaumuka, lakini ikaungua upande mmoja. Ijumaa ikawa mizuri ya kuliwa. Jumatatu mwalimu mkuu akaja, akamega, akala amesimama, akamega kipande cha pili. Mama wale wakatazamana. Elitruda akatoka nje kulia.

Wiki sita zikapita, plasta ikatolewa. Shuleni ikatangazwa sherehe ya kipaimara, wageni wengi, na mikate inatakiwa mara tatu ya kawaida. Mwalimu mkuu akaingia jikoni akasema, "Nashukuru mkono umepona. Basi safari hii, kwa heshima ya wageni, akande Mama Soli mwenyewe." Na mnajua walichofanya akina mama? Walilivuta karai la unga, wakamsogezea. Hata Paskalina. "Karibu, Mama."

Mama Soli akautazama mkono wake, akauzungusha huku na huku. Ulikuwa mzima. Halafu akamwambia mwalimu mkuu, "Mwenye jiko ni Paskalina. Uliza yeye." Akatoka nje, akakaa kwenye rundo la kuni. Ndani anasikia wanabishana. Kuna wakati alinusa kitu kama kinaungua; akainuka, akashika kitasa cha mlango, akasimama pale, akarudi akakaa. Wapendwa, katika miezi mitatu ile hakufanya kazi ngumu kama hiyo ya kukaa juu ya kuni.

Wiki iliyofuata akapanda ndege akarudi kwao. Jumatatu mikate ikafika shuleni saa moja kasoro robo. Wanafunzi wakala wakaingia darasani. Hawakujua hata kama kuna mtu ameondoka.

Sasa sisi. Mfano kama huu tukiusikia tunakaa haraka upande wa akina Paskalina, sivyo? Tunatikisa kichwa, tunasema, ndivyo walivyo, wanakuja wanatufanyia. Lakini leo sisi ndio tunaotuma. Kanisa hili, kwa mara ya kwanza, linapeleka watu sita nje ya mpaka, miezi miwili, kusaidia kikundi cha akina mama washonaji katika nchi jirani. Mafundi wetu ni hodari. Wana moyo. Hilo ndilo linalonitia hofu. Mtu mvivu hawezi kumnyang'anya mwenzake donge mkononi. Anayeweza ni mwenye bidii na upendo. Ni sisi. Hata nyumbani, ni mara ngapi umemwambia mkeo, umemwambia kijana wako, "Acha, nitamalizia mimi," ukauita huo msaada?

Haya, ninyi sita, njooni mbele. Simameni hapa, mtazame washirika.

Nimeisoma barua yenu ya maandalizi. Cherehani nne, mashine ya kudarizi, vitambaa, masomo kumi na mawili, yamepangwa kwa siku na saa. Kazi nzuri. Nina swali moja tu kabla hatujawawekea mikono. Kiongozi wa wale akina mama, anayewasubiri kule, anaitwa nani?

Nani anajua?

Mzee wa kanisa, wewe unajua? Katibu?

Hata mimi mchungaji wenu sijui. Nimetia sahihi barua tatu kuhusu mama huyu, na jina lake sijui. Sijui anashona nini, wala anajua nini ambacho sisi hatukijui.

Basi tusiwaombee bado. Nendeni ofisini, simu ipo. Mpigieni. Muulizeni jina lake, kisha msomeeni ile orodha yetu, naye afute anachotaka kufuta. Msikate simu mpaka amalize kusema. Sisi tutaimba hapa, tutawasubiri. Leo ibada ikichelewa kwisha, hakuna atakayekufa.