Kifaru Alivyomlilia Ndama Asiyekuwapo

Hapo zamani za kale, na mwenye kudakiza adakize sasa hivi anyamaze, Kifaru alikizungushia ua wa miiba kisima cha wote, akasema ni chake.

Siku ya tatu Bi Pimbi alimfunga mwanawe Kidawa mgongoni, akashika kibuyu kitupu, akaenda kwa Kifaru. Hasira imemkaba. Mtoto midomo imepasuka, hata kulia kumemshinda.

"Hodi! Mtoto wangu anakufa kwa kiu!"

Kifaru alikuwa barazani akijikuna mgongo kwenye nguzo, kwaru, kwaru! Macho yake, kama mjuavyo, hayafiki mbali.

"Mtoto gani? Simwoni."

"Huyu hapa! Inama umtazame!"

"Niiname mimi? Kila mtu na kiu yake, mama."

Bi Pimbi angemng'ata, lakini jino lake na ngozi ile, wapi na wapi! Akameza hasira, akaketi.

"Basi nipumzike kidogo, nikusimulie. Hadithi, hadithi!"

Kifaru kwa hadithi alikuwa hajiwezi. "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

"Palikuwa na ndama wa kifaru, pembe haijachomoza. Amelala nje ya ua wa miiba, anasikia maji ndani, tiriri, tiriri. Ulimi umevimba. Anamwita mama, sauti haitoki."

Kwaru ikakoma. "Mama yake yuko wapi?"

"Kwa mwenye ua, anapiga hodi. Anajibiwa: mtoto gani, simwoni."

"Mshenzi!" Chozi likadondoka, pwa! "Ana roho gani huyo? Uko wapi ua huo niufumue?"

"Toka, pinda kushoto, fuata harufu ya maji."

Gidi, gidi, gidi! Kifaru huyo! Kwacha! Miiba ikaruka huku na huku. Wanyama wakamiminika kisimani. Kidawa akanywa, gubu, gubu, gubu.

Kifaru akanusa mti wa ua uliovunjika. Unanuka jasho lake mwenyewe.

"Aa! Si ua wangu huu? Umenidanganya!"

"Hadithi niliiita kwa jina lake, ukaitikia 'uongo njoo' kwa kinywa chako!" Bi Pimbi alifoka. "Ndama asiyekuwapo umemlilia mpaka makamasi. Mtoto wa kweli nimemleta barazani kwako, hukumwona. Inama sasa!"

Kifaru akainama mpaka pua ikagusa maji. Akaiona midomo ile ya Kidawa iliyopasuka. Akafungua kinywa aombe radhi.

"Usiniombe radhi mimi. Nenda nyuma ya foleni, utakunywa wa mwisho."

Akaenda.

Hadithi yangu nimeitua hapo kisimani, na funzo lake ni hili: ukimlilia wa hadithini ukamnyima maji wa mlangoni, chozi lako ni chumvi tu.