Meno ya Ukuta wa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombana na mafundi kama sisi, Kifaru alikuwa na nyumba nzuri kuliko zote porini, na mwenyewe hakujua. Sikilizeni, wanangu, jinsi ilivyomponyoka.

Nyumba hiyo ilijengwa na marehemu baba yake. Kuta zilikuwa za udongo, nene hasa. Madirisha yalitazama unakotoka upepo, na juu kabisa palikuwa na tundu la kutolea joto, kama kwenye kichuguu. Mchana ndani kulipoa kama maji ya mtungi. Usiku kuta zilirudisha joto la jua, hata kuni zilikaa bila kuchomwa mpaka zikaota uyoga.

Ila ukuta mmoja haukumalizwa. Mzee aliacha matofali yakichomoza, moja nje, moja ndani. Mafundi huyaita meno.

"Mwanangu," alimwambia Kifaru, "kila mtoto akizaliwa, unga chumba chake hapa. Udongo ukiwa mbichi, bandika unyayo wake ukutani. Na wewe uache meno mengine."

Kifaru alifanya hivyo alipozaliwa binti yake, Tunu. Unyayo wa Tunu ulikaa pale kando ya mlango wa chumba chake. Sasa Mama Tunu alikuwa mjamzito tena, na meno yalikuwa yakimsubiri mtoto.

Jirani yao alikuwa Nguchiro, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno. Yeye na ukoo wake walilala kwenye pango linalovuja, wamebanana kama dagaa. Nguchiro aliitamani nyumba ile, akaitamani tena. Kwa nguvu asingeipata. Lakini alijua jambo moja: Kifaru haoni mbali, na kwa hiyo huamini anachokisikia.

Asubuhi moja Kifaru alikuwa barazani anakunywa uji. Mara akasikia nje ya ua: "Ke! ke! ke! ke!"

"Nani anacheka?"

"Wapita njia tu, bwana!" ikajibu sauti nene. "Tunaangalia ukuta wako. Masikini, alifilisika njiani!"

"Umechomoza mbavu kama mbwa koko!" ikadakia sauti nyembamba. "Ke! ke! ke!"

Kesho yake wakapita wengine, na keshokutwa wengine. Kifaru akaona pori zima linamcheka. Kumbe, wanangu, walikuwa binamu za Nguchiro, wanazunguka kichaka kimoja na kubadilisha sauti!

Akaanza kunywea uji ndani. Ndipo Nguchiro akabisha.

"Hodi! Kaka Kifaru, nimeshindwa kuvumilia. Wanavyokusema huko! Mimi nitakujengea nyumba iliyokwisha, bati juu, bati ubavuni, vioo madirishani. Wewe niachie hili gofu."

"Iliyokwisha kabisa?"

"Hutagusa hata msumari!"

Mama Tunu akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Baba Tunu, hao wanaocheka, nani kati yao analala humu?"

"Nimechoka kuchekwa, mke wangu."

"Na mtoto huyu nitamweka wapi?"

Kifaru alimpa Nguchiro mkono, na huko porini mkono ukishatolewa, neno halirudi.

Nguchiro na ukoo wake wakaokota mabati kwenye kambi iliyohamwa, wakagonga. Ngo! ngo! ngo! Kifaru akaizunguka nyumba mpya akiipapasa. Laini pande zote, hakuna jino hata moja. Akafurahi. Masikini wa Mungu, akafurahi kweli!

Kisha kiangazi kikaingia. Mchana mabati yalilia ta! ta! ta!, na ndani kukawa tanuri. Usiku baridi ikapenya kila upenyo, wakachoma kuni mpaka wakamaliza, wakachoma na vigoda. Katikati ya tabu hiyo mtoto wa kiume akazaliwa. Wakamwita Subira.

Subira alilia kwa joto tangu jua kuchomoza. Baba yake akajaribu kumwongezea chumba. Akasukuma bati kidogo kwa pembe. Kraaa! Likachanika kutoka juu hadi chini. Akataka walau kubandika unyayo wa mwanawe ukutani, lakini bati halishiki unyayo. Kifaru akakaa chini, akalia na yeye.

"Nitakwenda kumwomba Nguchiro," alisema. "Hata chumba kimoja."

Akambeba Subira, Tunu akafuata nyuma. Walipofika kwenye nyumba ya zamani, Kifaru akasimama ghafla. Watoto wa Nguchiro walikuwa wanacheza uani.

"Ke! ke! ke! Masikini, alifilisika njiani!" aliigiza mmoja kwa sauti nene.

"Umechomoza mbavu!" akaitika mwingine.

Masikio ya Kifaru hayakosei. Ni maneno yale yale na kicheko kile kile.

"Nguchiro!" alinguruma. "Kumbe ni nyinyi!"

Nguchiro akachungulia dirishani. "Kaka, mkono ulinipa mwenyewe. Nilikushika pembe?"

Kifaru angeweza kuiangusha nyumba ile kwa pigo moja. Akainamisha pembe. Puani ikamjia harufu ya udongo aliousaidia kuukanyaga akiwa mdogo, pamoja na baba yake. Akaiinua pembe tena, asipige.

"Acha tu mtoto apumzike barazani," alisema polepole, "mpaka jua lipoe."

"Hiyo haina neno. Karibuni, wageni."

Wageni! Subira akalazwa kwenye ubaridi wa ukuta, akanyamaza papo hapo, akalala. Pembeni vyumba vipya vya Nguchiro vilikuwa vimeungwa kwenye meno yale, kila kimoja na alama ndogo ya unyayo mlangoni.

Tunu akaingia kwenye chumba chake cha zamani. Akainua mguu, akaupima kwenye alama yake. Haukuingia tena.

"Baba, huu si wangu?"

"Ni wako, mwanangu. Chumba ndicho kisicho chako tena."

Jua lilipopoa, Kifaru alimwamsha Subira, na Subira akaanza kulia kabla hawajafika langoni.

Ndiyo hivyo, wanangu: nyumba ni ya wanaolala ndani, si ya wapita njia wanaoicheka.